Matundu Matatu Hayatoshi: Utajuaje Kama Bunduki Yako ya Kuwindia Imenyooka Kweli?

Rafiki yangu mmoja ni mwindaji bingwa, yaani anaongoza wageni kwenye vitalu vya uwindaji kusini mwa Tanzania. Siku moja alinitumia picha kwa WhatsApp: karatasi ya shabaha, matundu matatu yameachana kama watu waliogombana. Chini yake ameandika, "Bunduki imeharibika." Baada ya siku mbili ikaja picha nyingine. Matundu matatu, yanakaribia kugusana. "Nimekaza skrubu, nimesafisha mtutu, nimebadilisha risasi. Sasa imenyooka!"

Wiki iliyofuata ikaja picha ya tatu, mbaya kama ile ya kwanza. Safari hii hakuandika kitu.

Mimi sina bunduki wala sijawahi kuwinda. Ninasoma takwimu. Lakini nilipoziweka zile picha tatu pamoja sikuona bunduki iliyoharibika, ikapona, ikaharibika tena. Niliona sampuli tatu ndogo mno. Nikamwambia, "Kaka, inawezekana bunduki yako haijabadilika hata kidogo." Akakasirika. Makala hii ni jibu nililomwandikia, nimeliongeza nyama kidogo kwa ajili yenu.

Na kabla mtu hajauliza kwa nini tujali: hili si suala la mashindano ya kulenga chupa. Risasi ikikosea kwa sentimita chache, mnyama hafi, anajeruhiwa na kukimbilia kichakani. Ni mateso kwake. Kwa utaratibu wa uwindaji wa kitalii Tanzania, mnyama aliyejeruhiwa akapotea huhesabiwa kama ameuawa, na ada yake inalipwa. Tena kama ni nyati, kuna mtu lazima amfuate humo kichakani kwa miguu. Mtu huyo ni rafiki yangu.

Tunapima nini hasa?

Tukisema bunduki "ina shabaha", tunachanganya mambo mawili. La kwanza ni katikati ya matundu iko wapi. La pili ni matundu yenyewe yametawanyika kiasi gani.

Fikiria daladala mbili. Moja inachelewa dakika 20 kila siku, bila kukosa. Nyingine leo inawahi dakika 15, kesho inachelewa nusu saa. Ile ya kwanza haina shida, unajua tu kwamba utoke nyumbani ukiwa umechelewa. Ya pili huna la kuifanya. Kwenye bunduki, katikati ya matundu ikiwa pembeni unazungusha vifundo vya darubini na kazi imekwisha. Mtawanyiko hauna kifundo. Huo ndio watu wanaoutafutia dawa wanapotaka "kuinyoosha" bunduki iliyotoka kiwandani.

Mtawanyiko hupimwa kwa pembe, kwa sababu risasi zinazidi kuachana kadiri zinavyokwenda mbali. Kipimo kinachotumika ni dakika, ambayo ni sehemu moja ya 60 ya nyuzi moja. Kwenye mita 100, dakika 1 ni kama sentimita 2.9. Kwenye mita 200 ni sentimita 5.8. Kwa hiyo bunduki inayotawanya risasi zake kwa dakika 3 itakuwa na kundi la matundu lenye upana wa karibu sentimita 9 kwenye mita 100, na zaidi ya sentimita 17 kwenye mita 200. Sasa, eneo la moyo na mapafu la swala pala ni kama ukubwa wa kisahani cha kikombe cha chai, tuseme sentimita 15. Umeona? Bunduki ile ile ambayo inatosha kabisa kwenye mita 100, kwenye mita 200 haitoshi hata kama mpigaji hakutetemeka.

Sehemu ya milimita

Kwa nini bunduki isipige tundu lile lile kila mara, hata ikifungwa kwenye meza? Hebu tufanye hesabu ndogo. Mtutu wenye urefu wa sentimita 60 ukiinama kwa dakika 1, mdomo wake unakuwa umesogea milimita 0.17 tu. Hiyo ni kama unene wa karatasi mbili za daftari. Karatasi mbili hapa, karibu sentimita 3 kule kwenye shabaha.

Na mtutu hautulii. Baruti inapowaka, risasi inapita ndani ya mtutu kwa muda wa kama milisekunde 1 hadi 2. Katika muda huo mtutu unatikisika, mfano wa rula uliyoibana kwenye ukingo wa dawati ukaipiga kwa kidole. Huwezi kuuzuia mtikisiko huo. Unachotaka ni uwe *ule ule* kila mara, ili kila risasi itoke mdomo ukiwa mahali pale pale. Kwa hiyo adui yako ni kitu chochote kinachoushika mtutu leo tofauti na jana.

Hapo ndipo bunduki ya kiwandani inapopata shida. Imetengenezwa kwa wingi, na kwa bei ambayo mtu wa kawaida ataimudu. Mtutu wake mara nyingi ni mzuri kuliko unavyodhani. Shida iko kwenye ndoa ya chuma na kitako. Chuma kinakaa kwenye kitako kwa kukadiria, kinagusa hapa, hakigusi pale. Kitako kikiwa cha mbao ndiyo balaa zaidi, maana mbao hunywa unyevu na kuvimba, kisha jua likiwaka hunywea. Siku ya mvua ubao unausukuma mtutu upande mmoja, siku ya jua unauachia.

Mfano maarufu ni wa Wanamaji wa Marekani, wale wa kikosi cha Marine. Mwaka 1966 walichukua bunduki iliyojengwa juu ya Remington 700, ambayo kwa asili ni bunduki ya kuwindia, wakaiita M40 na kuipeleka Vietnam ikiwa na kitako cha mbao. Unyevu wa huko ukavifanyia vitako kama unavyofanyia mlango wa jikoni wakati wa masika: vikavimba na kupinda. Miaka ya 1970 bunduki hizo zilijengwa upya zikaitwa M40A1, zikawekewa vitako vya nyuzi za kioo, ambavyo havinywi maji.

Marekebisho yenye sababu

Kutokana na hilo, marekebisho yanayosaidia si mengi, na kila moja lina sababu yake ya kifizikia.

*Skrubu.* Zile zinazoshika chuma kwenye kitako, na zile za vishikio vya darubini. Zikilegea, kila mpigo unakihamisha kitu. Hili halina gharama, kwa hiyo linatangulia. Zikazwe kwa kiasi alichoelekeza mtengenezaji, ikiwezekana kwa bisibisi yenye kipimo, si kwa hasira.

*Mtutu kuelea.* Chukua noti ya elfu moja, ipitishe kati ya mtutu na ubao wa mbele, uivute kuelekea nyuma. Ikipita bila kukwama, mtutu unaelea, yaani haugusi kitako. Ikikwama, fundi anaweza kukwangua ubao kidogo. Zipo bunduki chache ambazo mtengenezaji ameweka mguso huo makusudi, na baadhi yake hupiga vizuri hivyo hivyo. Kwa hiyo pima kwanza kabla ya kukwangua, maana ubao uliokwanguliwa haurudi.

*Kulaza chuma kwenye epoksi.* Fundi anamimina epoksi nzito kwenye kitako, anakilaza chuma humo kikiwa kimepakwa kitu cha kuzuia kisigande, na epoksi ikikauka inakuwa imechukua umbo la chuma lile lile. Tangu hapo chuma kinarudi mahali pamoja kila baada ya mpigo.

*Risasi.* Mtutu una mifereji inayozunguka ili risasi izunguke kama pia na isipepesuke. Risasi ndefu na nzito zinahitaji mzunguko wa kasi kuliko fupi na nyepesi. Ndiyo maana bunduki zenye mizunguko tofauti ya mifereji zinaweza kupenda risasi tofauti. Kubadilisha boksi la risasi mara nyingi ni nafuu kuliko fundi.

*Mdomo wa mtutu na triga.* Mdomo ukiwa na pengo hata dogo, gesi inatoka upande mmoja kabla ya mwingine na kuisukuma risasi kando. Triga nzito haiharibu bunduki, inamharibu mpigaji, kwa sababu akiivuta anavuta na bunduki nzima. Haya mawili mwachie fundi mwenye leseni. Triga iliyolegezwa nyumbani inaweza kufyatuka bunduki ikianguka au ikigongwa, na hapo hatuongelei tena sentimita.

Mpaka hapa rafiki yangu alikuwa anakubali kila kitu. "Si ndiyo niliyofanya? Nimekaza, nimebadilisha, ikanyooka." Ndipo tukafika kwenye takwimu.

Matundu matatu yanadanganya

Wawindaji wengi hupima kwa kupiga risasi tatu na kupima upana wa kundi, yaani umbali kati ya matundu mawili yaliyoachana zaidi. Hata baadhi ya watengenezaji wanatoa dhamana kwa risasi tatu. Sababu inaeleweka: risasi ni ghali, na mtutu mwembamba wa kuwindia unapata moto haraka.

Sasa chukua bunduki ambayo haibadiliki *kabisa*. Ina mtawanyiko wake wa asili, na kila risasi inaangukia kwa bahati ndani ya mtawanyiko huo. Piga kundi la risasi tatu. Kisha piga jingine. Je, kuna uwezekano gani kwamba kundi moja litakuwa na upana mara mbili au zaidi ya jingine?

Wengi hudhani ni nadra. Ukipiga hesabu, ni karibu mara moja katika kila mara tano. Bunduki ile ile, risasi zile zile, mpigaji yule yule. Kwa makundi ya risasi tano, hutokea kama mara moja katika kila kumi na moja. Kwa makundi ya risasi kumi, haifiki mara mbili kwa mia. Usiniamini tu, mwenye kompyuta aandike programu ya mistari kumi, atupe nukta bila mpangilio mara elfu kumi, ajionee.

Kuna la pili. Upana wa kundi unakua kadiri unavyoongeza risasi, kwa sababu kila risasi mpya inapata nafasi ya kwenda mbali. Bunduki ambayo makundi yake ya risasi tatu yana wastani wa sentimita 3, makundi yake ya risasi tano yatakuwa na wastani wa sentimita 3.8, na ya risasi kumi sentimita 4.7. Haijaharibika. Umeitazama kwa muda mrefu zaidi, basi. Hesabu hizi si mpya. Mtakwimu Frank Grubbs, aliyefanya kazi kwenye maabara ya silaha ya jeshi la Marekani huko Aberdeen, Maryland, alizieleza kwenye kijitabu chake cha mwaka 1964.

La tatu ndilo linalowakamata hata wajanja: mtego wa kuchagua. Tuseme umenunua aina tano za risasi, unapiga kundi moja la risasi tatu kwa kila aina ili ujue bunduki yako inapenda ipi. Na tuseme, bila wewe kujua, aina zote tano ni sawa kabisa. Hata hivyo, kwa kawaida kundi bora kati ya yale matano litakuwa na upana wa kama asilimia 60 ya wastani, na baya kuliko yote kama asilimia 140. Yaani la mwisho ni zaidi ya mara mbili ya la kwanza. Utaondoka uwanjani unaapa kwamba umepata risasi ya bunduki yako. Ulichopata ni bahati.

Sasa rudi kwa rafiki yangu. Alianza kurekebisha lini? *Baada ya kundi baya.* Kundi baya kupita kiasi, mara nyingi, hufuatwa na la kawaida, hata usipofanya lolote. Ni kama mtu anayekunywa dawa mafua yakiwa yamefika kileleni: chochote atakachokunywa siku hiyo kitapata sifa. Katika takwimu tunasema matokeo yamerejea kwenye wastani. Fundi hulipwa, risasi mpya husifiwa, na bunduki imekaa kimya haijui kinachoendelea.

Hesabu ya mraba

Hebu tukubali kwamba rekebisho lako limefanya kazi kweli. Bado kuna swali: porini litaonekana?

Mtawanyiko wa bunduki na mtawanyiko wa mpigaji haujumlishwi kwa kawaida. Unajumlishwa kwa miraba yake, kama pande za pembetatu ya Pythagoras. Tuchukue mfano wa mahesabu tu. Bunduki inatawanya sentimita 2. Mpigaji, akiwa amesimama wima, anahema baada ya kutembea, anatawanya sentimita 6. Jumla ni kipeuo cha pili cha 4 + 36, yaani sentimita 6.3.

Sasa mpelekee fundi bunduki, alete muujiza, aupunguze mtawanyiko wake nusu, uwe sentimita 1. Jumla mpya ni kipeuo cha pili cha 1 + 36, yaani 6.1. Umelipa fundi, umepata milimita mbili na ushei.

Badala yake, iache bunduki ilivyo. Mpe mpigaji vijiti vitatu vya kuegemea na mwezi mmoja wa mazoezi, mtawanyiko wake ushuke kutoka 6 hadi 3. Jumla ni kipeuo cha pili cha 4 + 9, yaani 3.6. Umepunguza zaidi ya asilimia 40 kwa vijiti!

Fundisho lake linafaa hata nje ya bunduki: panapokuwa na vyanzo viwili vya makosa, kikubwa humeza kidogo. Anza na kikubwa. Ndiyo maana bunduki ya mashindano, inayopigwa juu ya meza na mifuko ya mchanga, inastahili kila senti ya fundi, ilhali bunduki ya kuwindia hufika haraka mahali ambapo senti inayofuata ingefaa zaidi kwenye mazoezi.

Basi ufanyeje?

Nilimpa rafiki yangu utaratibu huu. Hauhitaji risasi nyingi kuliko anazopiga siku zote.

1. Kabla ya kugusa chochote, kagua skrubu zote na ujaribu noti. Kilicholegea kikaze. Baada ya hapo usiguse kitu.

2. Chagua aina moja ya risasi. Piga risasi tatu mtutu ukiwa baridi, kwenye mita 100, ukiwa umeegemea vizuri. Nenda nyumbani. Usisogeze darubini.

3. Siku nyingine rudi na karatasi *ile ile*, au mpya ambayo utailaza juu ya ile ya zamani na kunakili matundu. Piga tatu nyingine. Endelea hivyo hadi upate matundu 20 au 30 kwenye karatasi moja. Utakuwa umepima pia jambo ambalo mwindaji analihitaji kuliko yote, yaani mtutu wa baridi, kwa sababu swala hakusubiri upashe moto.

4. Usipime matundu mawili ya pembeni tu, maana hapo unayatupa mengine yote. Tafuta katikati ya matundu yote, pima umbali wa kila tundu kutoka hapo, kisha chukua wastani. Kila risasi uliyoilipia inachangia.

5. Badilisha kitu *kimoja*. Rudia karatasi mpya yenye idadi ile ile. Ukiwa na matundu 10, kipimo chako bado kinaweza kuyumba kwa karibu sehemu moja kwa tano. Ukiwa na 30, kwa kama asilimia 10. Kwa hiyo rekebisho linalopunguza mtawanyiko nusu utaliona mapema. La asilimia 5 hutaliona, na porini halitakusaidia.

6. Hakuna kufuta risasi "iliyoponyoka" eti ulitetemeka. Labda uliitangaza kabla hujaangalia shabaha. Ukiiona kwanza ndipo ukumbuke kwamba ulitetemeka, hiyo inahesabiwa, mzee.

Halafu tumia karatasi hiyo kujiwekea mpaka. Umbali ambao matundu yako *yote*, pamoja na mtetemo wako wa porini, yanaingia ndani ya kisahani cha chai, ndio umbali wako. Ukivuka hapo, sogea karibu au mwache mnyama aende. Kundi lako zuri kuliko yote, lile uliloliweka kwenye picha ya wasifu, halikuambii umbali huo. Karatasi yenye matundu 30 inakuambia.

Rafiki yangu alininunia kama wiki mbili. Kisha picha zikaanza kuja tena, karatasi moja inayojaa pole pole, matundu matatu, sita, tisa. Lilipofika la ishirini na moja alichukua kalamu akazungushia makundi matatu ndani yake: moja la matundu yaliyotawanyika, moja la matundu yanayokaribia kugusana, na jingine lililotawanyika. Zilikuwa zile picha zake tatu za mwanzo, zote zimo ndani ya bunduki moja ambayo hakuna aliyeigusa.

Chini yake akaandika: "Kumbe ilikuwa hivi hivi tangu mwanzo. Nitengenezee vijiti."